Lita Moja, Bei Nyingi: Kinachopandisha Bei ya Mafuta Lodwar, Kakuma na Nchi Jirani

Kila tarehe 14 ya mwezi, wahudumu wa bodaboda, madereva wa matatu na wenye maduka mjini Lodwar na Kakuma husubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Tangazo hilo ndilo huweka bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta taa kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Likishatoka, mabishano huanza stendini. Mmoja husema Uganda ni nafuu kwa sababu mafuta huko hayatozwi VAT. Mwingine huuliza kwa nini Turkana, yenye mafuta chini ya ardhi yake, inunue petroli kwa bei ya juu kuliko Mombasa. Wa tatu husema Wazungu hulipa zaidi, kwa hivyo Wakenya wasilalamike.

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini bei ya lita moja haiwezi kueleweka kwa kutazama namba iliyo kwenye pampu peke yake. Makala haya yanaeleza jinsi namba hiyo inavyopatikana, kodi inachukua kiasi gani, na nchi nyingine hufanyaje.

BEI INAJENGWA KWA SEHEMU NNE

Sehemu ya kwanza ni gharama ya mafuta yenyewe hadi yanapoteremshwa bandarini Mombasa. Bei hii hupangwa katika soko la dunia na hulipwa kwa dola. Kenya huagiza mafuta yote yaliyosafishwa kutoka nje, na tangu mwaka wa 2023 huyanunua kwa mkopo wa siku 180 chini ya mkataba na kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Dola ikipanda, lita hupanda hata kama bei ya dunia haijabadilika.

Sehemu ya pili ni usafiri na uhifadhi. Mafuta hutoka Mombasa kwa bomba hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Bomba haliji Turkana. Kutoka Eldoret ni kazi ya lori: Kitale, Kapenguria, Kainuk, Lokichar, kisha Lodwar. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita nyingine kama 120. Lori lenyewe hunywa dizeli, tairi huisha, na laga zikifurika safari husimama. Gharama hizi zote huingia katika kila lita.

Sehemu ya tatu ni faida ya kampuni za mafuta na wenye vituo, ambayo pia huwekewa kikomo na EPRA. Sehemu ya nne ni kodi na tozo za serikali ya kitaifa.

Mkaazi akielewa sehemu hizi nne, anaweza kuona kwa nini Mombasa huwa na bei ya chini na miji ya kaskazini bei ya juu. Tozo kubwa za serikali, kama ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara, ni shilingi zile zile kwa kila lita nchini kote. Kinachomfanya mkaazi wa Lodwar alipe zaidi ya mkaazi wa Nairobi ni umbali.

HESABU YA LITA MOJA

Chukua mfano wa bei za Nairobi kuanzia tarehe 15 Januari hadi 14 Februari 2025. Petroli ilikuwa shilingi 176.58, dizeli 167.06 na mafuta taa 151.39.

Ndani ya lita hiyo ya petroli, ushuru wa bidhaa ulikuwa shilingi 21.95. Tozo ya kudumisha barabara ilikuwa shilingi 25, baada ya kupandishwa kutoka 18 mwezi wa Julai 2024. Tozo ya maendeleo ya petroli, ambayo hutumika pia kupunguza makali bei inapopanda sana, ilikuwa shilingi 5.40. Juu ya hizo kuna VAT ya asilimia 16, ambayo kwa bei hiyo ni takriban shilingi 24.36. Ukijumlisha hizo nne pekee unapata zaidi ya shilingi 76. Bado hujaongeza tozo ndogo ndogo kama ile ya ujenzi wa reli na ada ya kuagiza bidhaa.

Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 ambazo mteja alilipia petroli, zaidi ya 43 zilikuwa kodi.

Kwa dizeli, ushuru wa bidhaa ni shilingi 11.37, lakini tozo ya barabara na ya maendeleo ya petroli ni zile zile. Pamoja na VAT, jumla hufika karibu shilingi 65 kwa lita. Mafuta taa hayatozwi tozo ya barabara. Badala yake, tangu mwaka wa 2018 yana tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa kuzuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa kulinda injini za magari na mapato ya serikali. Hata hivyo, anayeilipa kila siku ni mwenye kibatari na stovu.

VAT yenyewe ina historia. Mwezi wa Septemba 2018 mafuta yalianza kutozwa asilimia 16. Baada ya malalamiko makubwa, kiwango kilishushwa hadi asilimia 8 mwezi huo huo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikirudisha hadi asilimia 16 kuanzia Julai mwaka huo. Miezi michache baadaye, Oktoba 2023, petroli ilifika shilingi 217.36 mjini Nairobi.

Sasa chukua mhudumu wa bodaboda anayechoma lita tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa bei za mfano huu, kodi nne zilizotajwa humtoza karibu shilingi 230 kwa siku, yaani zaidi ya 5,900 kwa mwezi. Kati ya hizo, tozo ya barabara pekee ni shilingi 75 kwa siku, 1,950 kwa mwezi, na 23,400 kwa mwaka.

UGANDA: KODI NDOGO, BEI SI NDOGO

Anayesema kwamba Uganda haitozi VAT kwa petroli na dizeli anasema kweli. Uganda hutegemea zaidi ushuru wa bidhaa, ambao tangu Julai 2024 ni shilingi 1,550 za Uganda kwa lita ya petroli na 1,230 kwa dizeli. Kwa kadirio la shilingi 28 za Uganda kwa shilingi moja ya Kenya, hiyo ni takriban shilingi 55 kwa petroli na 44 kwa dizeli. Kwa hivyo ushuru huo ni mdogo kwa takriban shilingi 20 kwa lita ukilinganishwa na kodi nne za Kenya zilizohesabiwa hapo juu.

Lakini anayepeleka jerikeni Uganda kwa matumaini ya bei nafuu hurudi na mshangao, kwa sababu bei ya pampu Kampala mara nyingi hukaribia ya Nairobi au kuipita. Sababu ni ile ile inayoiumiza Lodwar. Uganda haina bahari. Mafuta yake mengi hupitia Mombasa, husafiri kwa bomba la Kenya, kisha kwa lori kupitia Malaba na Busia. Kile ambacho kodi inapunguza, barabara inakirudisha.

Pili, Uganda haina bei elekezi. Biashara ya mafuta ilifunguliwa mwaka wa 1994, na kila kituo hujipangia bei. Soko likitulia, ushindani humsaidia mteja. Likivurugika, hakuna kizuizi. Januari 2022, madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya Covid-19, na katika baadhi ya sehemu za Uganda lita moja ilifika shilingi 10,000 za nchi hiyo, karibu maradufu ya bei ya kawaida. Mkaazi wa Turkana anayelaumu tangazo la EPRA akumbuke kwamba tangazo hilo pia humkinga siku ambayo malori yamekwama Kainuk.

TANZANIA NA ETHIOPIA

Tanzania ina utaratibu unaofanana na wa Kenya. Mamlaka yake, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikizingatia bandari ambayo mafuta yameingilia: Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Mafuta hayatozwi VAT, lakini kuna ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara kwa kila lita, na bajeti ya mwaka wa 2023/24 iliongeza shilingi 100 za Tanzania kwa lita kwa ajili ya miradi mikubwa ya serikali. Bei ya dunia ilipopanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, Tanzania iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 za nchi hiyo kuanzia Juni 2022 ili kupunguza bei. Pesa hizo zilitoka katika hazina ya umma.

Ethiopia, inayopakana na Turkana upande wa kaskazini, ilifuata njia nyingine kwa miaka mingi. Serikali ndiyo huagiza mafuta na kupanga bei, na ilikuwa ikigharamia sehemu kubwa kwa ruzuku. Bei ya pampu ilikuwa ya chini kuliko ya majirani wengi. Matokeo yake yalikuwa foleni ndefu, uhaba, na magendo ya mafuta kuvuka mipaka kwenda kuuzwa kwa bei ya juu. Tangu Julai 2022, Ethiopia imekuwa ikiondoa ruzuku hiyo hatua kwa hatua, huku magari ya usafiri wa umma yakiendelea kupata nafuu kwa muda. Bei ya chini iliyoandikwa kwenye kibao haimsaidii dereva ambaye pampu yake haina mafuta.

SUDAN KUSINI NA SWALI LA LOKICHAR

Kwa mkaazi wa Kakuma, nchi jirani nyingine ni Sudan Kusini, mbele ya Lokichoggio na mpaka wa Nadapal. Nchi hiyo huchimba mafuta. Mapato ya mafuta ndiyo nguzo ya bajeti yake. Hata hivyo, mafuta yake ghafi husafirishwa kwa bomba kupitia Sudan hadi Port Sudan na kuuzwa nje, wakati petroli inayotumika Juba hutoka Mombasa kwa lori kupitia Uganda. Nchi yenye visima hununua petroli iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka baharini.

Hapo ndipo jibu la swali la stendini linapopatikana. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia-1, Turkana, mwezi wa Machi 2012. Mwaka wa 2018 malori yalianza kuyabeba hadi Mombasa kwa majaribio, na Agosti 2019 shehena ya kwanza iliuzwa nje. Lakini kinachotoka ardhini ni mafuta ghafi. Pikipiki haiwezi kuyatumia mpaka yasafishwe, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013. Tena, mafuta ghafi huuzwa kwa bei ya soko la dunia popote yalipochimbwa.

Kwa hivyo mkaazi asitarajie faida ya Lokichar katika pampu. Faida hiyo, uchimbaji wa kibiashara ukianza, imewekwa katika sheria. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa fungu la serikali kutokana na mapato ya uchimbaji hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Fungu hilo la 20 na 5 ndilo la kufuatiliwa kwa makini.

NCHI ZA MBALI ZINAFUNDISHA NINI?

Norway ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta duniani, lakini petroli yake ni kati ya zilizo ghali zaidi Ulaya kwa sababu serikali huitoza kodi kubwa. Mapato ya visima huwekwa katika hazina ya vizazi vijavyo badala ya kushusha bei ya leo.

Nigeria ilichagua kinyume. Kwa miongo mingi ililipa ruzuku ili petroli iwe nafuu kwa raia, huku ikiagiza mafuta mengi yaliyosafishwa kutoka nje. Gharama ilipozidi uwezo, ruzuku iliondolewa mwishoni mwa Mei 2023, na ndani ya siku chache lita ikapanda kutoka chini ya naira 200 hadi takriban naira 500. Nauli na bei ya chakula zilifuata. Ruzuku ilikuwa imeficha gharama, haikuwa imeiondoa.

Uingereza, mapema mwaka wa 2025, ilitoza ushuru wa peni 52.95 kwa lita, ambao ni zaidi ya shilingi 80 za Kenya, kisha VAT ya asilimia 20 juu yake. Marekani, kwa upande mwingine, hutoza ushuru wa kitaifa wa senti 18.4 kwa galoni nzima, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka wa 1993, ingawa kila jimbo huongeza kodi yake.

Je, basi Mwingereza anaumia kuliko Mturkana? La. Wakati huo lita ilikuwa karibu pauni 1.40, na mshahara wa chini wa mtu mzima nchini humo ulikuwa pauni 11.44 kwa saa. Saa moja ya kazi ya kawaida ilinunua kama lita nane. Mkaazi wa Lodwar anaweza kujifanyia hesabu hiyo mwenyewe: kazi ya saa ngapi, au abiria wangapi, hununua lita moja? Mzigo wa kodi hupimwa kwa uwezo wa anayeubeba. Ndiyo maana kulinganisha bei bila kulinganisha kipato hupotosha.

ASIYE NA PIKIPIKI PIA ANALIPA

Wako wanaodhani kwamba kodi ya mafuta ni shida ya wenye magari. Unga, sukari, mboga na saruji zinazouzwa Lodwar na Kakuma huja kwa lori kutoka Kitale na kwingineko. Samaki wa Kalokol huenda sokoni kwa lori. Wakati wa ukame, lori la maji linalofika kijijini huendeshwa kwa dizeli, na ambulensi inayomtoa mama mjamzito mbali na hospitali vile vile. Chakula cha wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei hupita barabara hiyo hiyo. Kila shilingi inayoongezwa kwa dizeli husambaa hadi kwa bibi anayenunua kilo moja ya unga na hajawahi kusimama katika kituo cha mafuta.

Serikali ya kaunti haipangi bei ya mafuta wala kodi yake. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa pekee mamlaka ya kutoza ushuru wa bidhaa, VAT na ushuru wa forodha. Hata hivyo, fedha za tozo ya barabara zinahusu kaunti moja kwa moja, kwa sababu barabara nyingi za mashinani ziko chini ya kaunti. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25, magavana na Bunge la Kitaifa walivutana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo: ziende kwa kaunti au zibaki kwa mashirika ya kitaifa ya barabara. Mwaka wa 2025 serikali ya kitaifa pia iliamua kutumia shilingi 7 kati ya zile 25 kama dhamana ya kupata pesa za kulipa madeni ya wanakandarasi wa barabara. Hayo si mambo ya Nairobi tu. Ni shilingi 75 za kila siku za yule mhudumu wa bodaboda.

MKAAZI AFANYE NINI?

Kwanza, aijue bei ya mji wake. Orodha ya EPRA hutaja bei kwa kila mji, na hutolewa kwenye tovuti yake na magazetini. Bei ya Nairobi inayosomwa redioni si bei ya Lodwar. Kituo chenye leseni hakiruhusiwi kuuza juu ya kikomo cha mji wake.

Pili, aombe risiti. Malalamiko kwa EPRA kuhusu bei ya kupita kiasi au mafuta yaliyochanganywa huwa na nguvu yakiwa na jina la kituo, tarehe, kiasi na bei.

Tatu, ajihadhari na petroli ya chupa za barabarani. Huokoa safari inapokuwa hakuna kituo karibu, lakini chupa haina kipimo, haina risiti, mafuta yake huenda yamechanganywa, na ikiwekwa ndani ya nyumba karibu na moto ni hatari kwa watoto.

Nne, ashiriki kabla ya kodi kupitishwa. Mswada wa Fedha hufikishwa katika Bunge la Kitaifa kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na Katiba inalitaka Bunge kusikiliza maoni ya wananchi. Maoni yanaweza kutumwa kwa maandishi, na kikundi cha bodaboda au chama cha wanawake wafanyabiashara kinaweza kuandika kwa pamoja. Katika mikutano ya bajeti ya kaunti, mkaazi aulize barabara ya wadi yake imetengewa kiasi gani na kazi imefika wapi.

Mkaazi wa Lodwar hutoa tozo ya barabara ya shilingi 25 kwa lita sawa na mkaazi wa Nairobi anayepita juu ya lami kila siku, kisha huongeza gharama ya safari ndefu ambayo mwenzake haijui. Barabara nzuri hushusha gharama ya lori, na gharama ya lori iko ndani ya bei ya lita. Kwa hivyo anayeuliza tozo yake imetengeneza barabara gani anauliza pia kuhusu bei ya petroli ya kesho.